Kikundi cha Jumatano: shajara ya mradi

Wiki mbili kabla ya kuanza

Ruhusa ya kuanzisha kikundi cha kusaidiana kwa vijana walioumizwa, hapa kwenye makao yetu ya watoto, imetoka. Tumepewa chumba cha kusomea kila Jumatano saa kumi jioni, dakika 75, kwa vikao kumi na viwili. Vijana ni wanane, umri wa miaka 13 hadi 17, wasichana watano na wavulana watatu. Tutaendesha wawili, mimi na kaka mmoja mshauri nasaha. Kuwa mwanamke na mwanamume tumelitaka makusudi, maana baadhi ya vijana hawa hawajawahi kuwaona watu wazima wawili wakitofautiana mbele yao bila mmoja kuinua mkono.

Naweka shajara hii kwa ajili ya wenzangu wanaofanya kazi kwenye makao ya watoto na wanaofikiria kuanzisha kikundi. Majina hayamo, na dalili zozote za kumtambulisha mtu nimezibadilisha. Yaliyowapata kabla ya kuletwa hapa sitayasimulia. Hayo ni mali yao.

Nimeulizwa kwa nini kikundi, kwa nini nisikae na kila mmoja peke yake. Jibu la haraka ni uchache wetu: mshauri nasaha mmoja kwa vijana zaidi ya thelathini. Lakini hata tungekuwa washauri kumi, kikundi ningekitaka. Kijana aliyeumizwa na watu aliowaamini hutembea na siri kwamba kasoro ni yake. Mtu mzima akimwambia wapo wengi kama yeye, anayasikia kama maneno ya kazini. Ila mwenzake wa chumba cha pili akisema, "Mimi pia silali mpaka nijaribu kitasa mara tatu," utamwona anageuza shingo.

Hatari ya kikundi nayo naijua. Mwaka 1999 watafiti Thomas Dishion, Joan McCord na François Poulin walieleza jinsi kuwakusanya pamoja vijana wenye tabia hatarishi kunavyoweza kuzidisha tabia zile zile. Mmoja anajigamba kwa kosa, wengine wanacheka, na kicheko kile kinakuwa zawadi. Kwa hiyo tulipopendekezewa tuwachukue "wakorofi" peke yao, tulikataa. Tumechanganya wanaopiga, wanaojificha na wanaosema hawana shida yoyote. Na hakuna kikao kitakachoendeshwa na mtu mzima mmoja.

Wiki moja kabla

Mahojiano ya mmoja mmoja. Tumetumia CRIES-8, dodoso la maswali manane la kupima jinsi tukio baya lilivyomsumbua mtoto kwa siku saba zilizopita. Manne yanauliza picha na mawazo yanayoingia bila kuitwa, manne yanauliza namna mtu anavyokwepa kukumbushwa. Kila jibu lina alama 0, 1, 3 au 5, ya juu kabisa ni 40, na kuanzia 17 inafaa kijana aangaliwe na mtaalamu kwa karibu. Dodoso halimtangazi mtu kuwa mgonjwa, linatuonyesha tu pa kutazama. Sita kati ya wanane wamevuka 17.

Alama hizo sikuzishangaa. Kilichonikaa kooni ni swali la msichana wa miaka 14. Nilimweleza kikundi ni nini, nikamwambia ni hiari. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Nikikataa, nitahamishwa?"

Neno "hiari" kwa mtoto aliyehamishwa mara nne bila kuulizwa halina uzito wowote. Nililisema kwa nia njema, yeye akasikia mtego. Ibara ya 39 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inazitaka nchi zimsaidie mtoto aliyedhulumiwa apone katika mazingira yanayokuza afya yake, kujithamini kwake na utu wake. Utu unaanzia hapa, kwenye uwezo wa kukataa na kesho yake ukaamka kwenye kitanda kile kile.

Tumetengeneza kadi ndogo, kila mmoja na yake, yenye sahihi ya msimamizi wa makao: Naruhusiwa kuja. Naruhusiwa kunyamaza. Naruhusiwa kutoka na kurudi. Yule msichana aliisoma sahihi kwa muda mrefu kuliko maneno. Kisha akasema atakuja mara moja aone.

Wiki ya 1

Tulipanga viti duara. Kijana wa kwanza kuingia, mvulana wa miaka 16, alisimama akakitazama kiti chake, akakinyanyua, akakiweka ukutani kando ya mlango, mgongo umegusa ukuta. Hakusema kitu. Aliyefuata akasogeza cha kwake. Ilipofika dakika ya kumi duara letu lilikuwa limegeuka kama kwato, limeegemea ukuta, na sehemu iliyo wazi inatazama mlango. Mwenzangu alinitazama kama anauliza turekebishe. Nikatikisa kichwa. Mtu aliyewahi kushambuliwa kwa nyuma hakai na mgongo wazi mbele ya wageni.

Makubaliano ya kikundi waliyaandika wenyewe. Usiri ndio uliochukua muda. Niliwaambia waziwazi mambo matatu ambayo sitaweza kuyaficha: mtu akitaka kujiua au kujiumiza, mtu akiumizwa na mwingine, mtu akipanga kumdhuru mwingine. Na kwamba kabla sijakwenda kwa yeyote nitamwambia mhusika kwanza. Mmoja akaniuliza, "Dada, na tukisema vibaya kuhusu walezi?" Nikajibu hilo halimo katika yale matatu. Wakacheka kwa mara ya kwanza.

Wiki ya 2

Mwili. Tulichora kichwa ubaoni na kuweka king'ora ndani yake. Amigdala ni kisehemu cha ubongo kinachonusa hatari kabla ya akili kufikiri. Baada ya mateso ya muda mrefu king'ora hulia hata kwa moshi wa mshumaa. Moyo unakimbia, misuli inakaza, au mtu anaganda kabisa. Walitaka kujua sana habari ya kuganda. Wawili kati yao wamebeba aibu kwa miaka kwa sababu "sikupiga kelele, sikukimbia". Kusikia kwamba mwili ndio ulioamua, na kwamba wanyama nao hufanya hivyo, kuliwanyamazisha kwa namna nzuri. Tulikaa na ukimya huo bila kuujaza.

Mazoezi ya kupumua hayakumfaa kila mtu, na hili naliweka hapa kwa sababu miongozo mingi inayachukulia kama dawa ya wote. Kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita kuliwasaidia watano. Kwa mmoja, kusikiliza pumzi yake mwenyewe kulimrudisha kule kule tulikokuwa tunamtoa. Tukampa njia ya miguu: kanyaga sakafu kwa nguvu, hesabu tano, legeza. Hatumwambii yeyote afumbe macho. Anayetaka atazame goti lake.

Wiki ya 3

Nimekosea, na kosa lenyewe naliandika lote.

Nilileta kamba, mawe na maua ya karatasi. Unatandika kamba sakafuni kama mstari wa maisha, ua kwa jambo zuri, jiwe kwa jambo gumu. Zoezi hili linatoka kwenye tiba ya masimulizi ya Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, na huko linafanywa na mtu mmoja akiwa na mtaalamu wake. Mimi nililileta kwenye kikundi katika kikao cha tatu kwa sababu mambo yalikuwa yanakwenda vizuri na nikapata haraka.

Nilisema wasisimulie, waweke tu. Kijana wa mlangoni akaokota jiwe kubwa kuliko yote, akaanza kusema. Mvulana ambaye kwa miezi minane hakuna mtu aliyemsikia akitamka sentensi mbili mfululizo. Akasema kwa undani, mahali, saa, sauti. Nikamwacha aendelee. Nilifurahi kwamba amefungua mdomo, na furaha ile ikanifunga macho. Sikuwatazama wengine.

Mwenzangu ndiye aliyeona. Yule msichana wa miaka 14 alikuwa ameshusha mikono ya sweta mpaka imefunika vidole, macho yameganda kwenye mguu wa meza, midomo mikavu. Aliitwa jina mara mbili, hakusikia. Akili ilikuwa imehama, mwili umebaki kitini. Tulisimamisha. Mwenzangu akakaa naye akamtajia vitu vilivyomo chumbani, kimoja kimoja, kwa sauti ya kawaida, mpaka akapepesa macho na kuuliza ni saa ngapi.

Usiku ule alijiumiza mkono. Mlezi wa zamu alimkuta mapema, akatibiwa, hakulazwa. Na kijana aliyesimulia hakutoka chumbani siku mbili. Aliniambia baadaye kwamba aliona sura za wenzake akajua amewamwagia uchafu.

Wiki ya 4

Hatukuendelea na ratiba. Kabla ya kikao nilikaa na kila mmoja wa wale wawili, kisha na mtaalamu wa afya ya akili anayetusimamia. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Nani alihitaji hadithi ile itoke wiki hii, yeye au wewe?"

Nimerudi kwenye yale niliyoyasoma na kuyaruka. Judith Herman, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliandika mwaka 1992 kwamba kupona hupita hatua tatu: kwanza usalama, halafu kukumbuka na kuomboleza, halafu kurudi katika maisha na watu. Hatua ya kwanza haina muda maalumu. Hata CBITS, mpango wa shuleni wa kuwasaidia watoto walioumizwa, uliotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa Los Angeles na wenye vikao kumi vya kikundi, umetenga kikao kimoja hadi vitatu vya mmoja mmoja, na huko ndiko hadithi ya tukio inakoanzia. Kikundi kinajifunza mbinu, kinasindikizana, kinazungumzia jinsi tukio linavyomsumbua mtu leo. Tukio lenyewe, na undani wake, linaanza kusemwa chumba kingine, na mtu mmoja, kwa kasi ya mwenye nalo.

Kwa hiyo tumebadilisha. Vikao vyote kumi na viwili vitabaki kwenye usalama na mbinu, isipokuwa wao wenyewe waombe zaidi. Anayetaka kusimulia atapata saa yake na mshauri.

Kwenye kikao nilisimama nikawaomba msamaha. Nilisema nilichofanya, kwa nini hakikuwa sawa, na nilichobadilisha. Nikamwambia kijana wa mlangoni mbele ya wote kwamba hakufanya kosa lolote na hakuna alichomwaga, kulinda chumba ilikuwa kazi yangu. Kimya. Msichana mmoja akasema, "Sijawahi kuona mtu mkubwa akiomba msamaha na bado amesimama." Sikujua la kujibu, nikakaa.

Wanane wote walikuja. Hilo bado linanishangaza.

Wiki ya 5

Usingizi. Tuliwapa kadi, kila mmoja aandike kinachomwamsha au kinachomnyima usingizi. Nilitegemea majinamizi na nilikuwa nimeandaa kikao chote cha namna ya kuibadilisha ndoto mbaya, kuiandika upya mchana ukiipa mwisho mwingine, kisha kuipitia hiyo mpya kabla ya kulala.

Kadi nane. Tatu zilitaja ndoto. Sita zilitaja funguo.

Sikuelewa mpaka waliponieleza, wakidakizana. Mlezi wa usiku hupita kila saa kuhesabu. Ana fungu kubwa la funguo kiunoni na tochi. Funguo zinaanza kusikika mwanzo wa ukumbi. Anafungua mlango, anamulika uso mmoja mmoja, anafunga, anaendelea. "Sauti inatoka mbali," alisema kijana wa mlangoni. "Huwezi kujua leo itasimama mlango gani." Hakuna aliyecheka. Nilitazama mikono yao. Sita kati ya wanane walikuwa wameshika kitu, kiti, sweta, kidole cha mkono mwingine.

Kisha msichana wa sweta akaongeza, akitazama chini, kwamba tangu wiki ya tatu imekuwa mara mbili kwa saa. Kwa sababu yake.

Baada ya yeye kujiumiza, uongozi uliongeza ukaguzi. Ni uamuzi ambao mimi mwenyewe niliusaini kwenye fomu ya tahadhari. Kosa langu la Jumatano liliwaletea vijana zaidi ya thelathini funguo mara mbili zaidi kila usiku, na sikuwa nimefikiria hata dakika moja zinasikikaje ukiwa umelala.

Wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 saa 8 hadi 10 kwa umri wa miaka 13 hadi 18. Balehe yenyewe inasogeza saa ya mwili mbele, kijana anapata usingizi kwa kuchelewa hata kama hana tatizo lolote. Ongezea hapo mwili unaosubiri hatua za mtu gizani. Halafu asubuhi tunaandika kwenye daftari: mvivu, hataki kuamka, mkali.

Wiki ya 6

Nimekesha na mlezi wa usiku. Ni mzee, vijana wanamwita Babu, yuko hapa kwa miaka mingi kuliko sisi wote. Nilimwamkia, nikavuta kiti ukumbini karibu na chake, nikamwomba tukae tu. Saa sita ilipofika alisimama na mimi nikabaki nimekaa gizani nikisikiliza. Funguo zinasikika kweli. Zinapiga paja kwa kila hatua, zinanyamaza kwenye mlango, halafu zinaanza tena. Nilijikuta nimebana pumzi, na mimi hakuna aliyewahi kunifanyia kitu usiku.

Aliporudi nilimwambia walichosema. Nilikuwa na hofu angeona ameshtakiwa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akazishika zile funguo kwa kiganja kizima. "Mwanangu, mimi huzipiga makusudi," alisema. "Ili wajue nipo. Wasiogope." Kwa miaka yote hiyo alikuwa anawaambia kwa funguo kwamba wako salama.

Tulipanga pale pale, yeye ndiye aliyetoa mawazo mengi. Funguo zifungwe kwa kitambaa. Akifika mlangoni aseme jina lake kwa sauti ya chini kabla hajagusa kitasa. Tochi imulike sakafu, mwanga unaorudi unatosha kuona nani yuko kitandani. Kila kijana achague mlango wake uwe wazi kidogo au ufungwe. Na kwa yule ambaye ukaguzi wa karibu hauepukiki, akae naye jioni wakubaliane atamwangalia vipi na mara ngapi. Ulinzi haukupunguzwa. Idadi ya ukaguzi ya wengine imerudi ya zamani, kwa idhini ya msimamizi na ya mtaalamu wetu.

Ijumaa tulikaa na walezi wote wa mchana na usiku. Huu ndio mkutano ambao ningeufanya kabla ya kikao cha kwanza kama ningeanza leo. Dakika 75 kwa wiki yenye saa 168, halafu tunategemea zile dakika ndizo ziponye? Saa nyingine zote ziko mikononi mwa walezi. Niliwaeleza kuhusu kiwewe changamani, kilichoingia rasmi kwenye ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu 2022: pamoja na kumbukumbu zinazovamia, kukwepa, na kukaa macho juu, mtu anapata shida kutawala hisia, anajiona hafai, na anashindwa kuwa karibu na watu. Mama mmoja wa zamu ya asubuhi akasema, "Kumbe ndiyo maana ananitukana leo na kesho ananifuata nyuma kama kivuli." Akaanza kulia. Alidhani mtoto anamchezea. Walezi nao wanahitaji mahali pa kukaa na kusema. Nimeomba saa moja kwa mwezi kwa ajili yao na bado sijajibiwa.

Wiki ya 7

Kikao kifupi. Walikuwa na mitihani, wamechoka. Tulikanyaga sakafu, tukapumua, wakaenda.

Wiki ya 8

Picha zinazovamia. Tulitumia zoezi la skrini, ambalo liko kwenye mbinu za kupona alizoandaa mwanasaikolojia William Yule akiwa na wenzake kwa ajili ya watoto walionusurika vita na majanga, mahali ambapo wataalamu ni wachache. Unaiweka picha kwenye skrini ya kufikirika, unaisogeza mbali, unaifanya ndogo, unaiondoa rangi, unazima. Unaanza na picha ya kawaida kabisa. Tulianza na picha ya kiti. Hatukumwomba mtu yeyote aseme picha yake mbaya ni ipi, na tulikuwa wawili, mmoja akiongoza na mwingine akitazama nyuso tu.

Msichana wa sweta alisema yake haizimi. Mwenzangu akamuuliza kama inaweza angalau kusogea. Akajaribu. "Imefika ukutani," alisema. Akakaa kidogo. "Pale inavumilika."

Daftari la zamu ya usiku linaonyesha waliokutwa macho saa nane za usiku wamepungua. Sijaliweka kwenye jedwali, mzee anaandika kwa maneno yake: "Wamelala. Mmoja aliniitikia jina."

Wiki ya 9

Kijana wa mlangoni amehamishwa. Jumatatu asubuhi gari limekuja, saa mbili baadaye hayupo. Ofisi iliyoamua ilikuwa na sababu zake za kisheria na sizibishii. Ninachokilalamikia, na nimekiandika kwa barua, ni kwamba hakuna aliyetuambia, na yeye hakupewa hata jioni moja ya kuaga. Kikundi hiki kimetumia wiki nane kuwafundisha vijana kwamba watu hawayeyuki ghafla. Kisha mmoja wao akayeyuka.

Kiti chake kilikuwa bado ukutani kando ya mlango. Tuliwauliza wanataka kifanyweje. Walibishana karibu kikao kizima. Wawili walitaka kitolewe. Mmoja akapiga meza akasema kitu kikitolewa haraka hivyo maana yake hakikuwepo. Mvulana mdogo kuliko wote, wa miaka 13, aliuliza kama kosa ni lake kwa sababu waligombana Jumapili. Hapo tulisimama. Tulizungumza naye na kikundi kizima juu ya namna watoto wanavyojibebesha maamuzi ya watu wazima. Mwishowe wakaamua kiti kikae. Wakaandika barua saba, tumezipitisha kwa ofisi.

Wiki ya 10

Hasira, na si ya mazoezi. Wawili walitaka kupigana, mmoja akatumia haki yake ya kutoka, akarudi baada ya dakika tisa, akakaa. Kadi ilikuwa mfukoni mwake. Kwa mradi huu, dakika tisa zile nazihesabu sawa na kikao kizima.

Wiki ya 11

Ofisi imeruhusu simu. Dakika tano, spika imewashwa mezani. Sote tuliogopa ukimya, ukaja kweli, halafu sauti yake ikauliza, "Kiti changu nani anakikalia?" Wakamjibu kwa pamoja kwamba hakuna mtu. Akasema ni sawa mtu akikaa. Alisoma barua. Kule alikohamia chumba chake kinatazama ngazi, amesogeza kitanda.

Tulitumia muda uliobaki kuandaa mwisho. Nilikuwa nimeutaja tangu kikao cha kwanza na kila wiki tulihesabu vilivyobaki, kwa sababu hawa ni watu ambao kila kilichoisha kwao kiliisha ghafla.

Wiki ya 12

Kikao cha mwisho. Vijana saba. Kila mmoja alichagua mbinu moja anayoondoka nayo akamfundisha jirani yake wa kulia. Mvulana wa miaka 13 alifundisha kukanyaga sakafu, kwa ukali wa mwalimu mkuu. Msichana wa miaka 14 hakuwa na sweta. Sijui kama ni joto au ni jambo jingine, na sikuuliza.

CRIES-8 tumeirudia. Kwa wanne alama zimeshuka, wawili wako karibu pale pale, mmoja imepanda. Hatukuwa na kikundi cha kulinganisha, kwa hiyo siwezi kusema kilichoshusha ni vikao, usingizi, au miezi mitatu kupita tu. Aliyepanda tumemwandikia rufaa ya tiba ya mmoja mmoja, na ameikubali mwenyewe baada ya kuuliza mara tatu kama atabaki hapa hapa. Wawili waliobaki pale pale wataendelea kuonana na mshauri.

Kiti cha mlangoni kilikaliwa dakika kumi za mwisho. Msichana wa sweta ndiye aliyehamia pale. Alisema alitaka kuona chumba kinaonekanaje ukiwa pale.

Wiki ya 14

Nimekuja usiku kukusanya madaftari. Mzee yuko likizo, zamu ameishika mlezi mpya, kijana mwenye haraka, na funguo zake zilikuwa zinapiga kelele ukumbi mzima. Nilinyanyuka nimfuate. Mlango wa tatu ulifunguka kabla yangu, mvulana wa miaka 13 akatoa kichwa. "Mjomba, samahani," alisema. "Hapa funguo huwa zinafungwa kitambaa." Akarudi ndani, akatoka na soksi, akampa.